Daraja la gitaa la umeme: Pima kabla ya kununua

GITAA la umeme lililofungwa wenzo wa kutikisa sauti lina raha yake na karaha yake. Raha ni ule myumbo laini wa sauti unaosikika mpigaji anapoubonyeza wenzo kwa kiganja kisha akauachilia. Karaha huja mara baada ya hapo, nyuzi zinapokataa kurejea zilikokuwa, na gitaa lililokuwa limelinganishwa vyema dakika moja iliyopita likaanza kugombana na besi na sauti ya mwimbaji.

Wapigaji wengi wakifikwa na hali hiyo hulaumu daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, ambacho mafundi wengi hukiita briji. Kulaumu huko hakukosi msingi. Daraja hafifu huharibu sauti ya gitaa zuri, na kulibadilisha ni miongoni mwa marekebisho machache yanayoweza kufufua chombo bila kununua kingine. Hata hivyo, daraja jipya lililonunuliwa bila vipimo huwa hasara mara mbili: pesa zimekwenda na gitaa limebaki bovu.

Kwa mwanamuziki wa Kisian na vitongoji vyake, hasara hiyo ni kubwa zaidi. Kisian ni pale barabara itokayo Kisumu inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Maseno na Busia, na mwingine ukielekea Bondo. Bendi inayotoka mjini kwenda kutumbuiza Bondo au Busia haina budi kupita hapo. Lakini vipuri vya gitaa si bidhaa ya kila duka kama ilivyo minyororo ya baiskeli. Aghalabu huagizwa kutoka Nairobi au ng'ambo, kwa picha na maelezo tu, na kipuri kisipoingia, nauli ya kukirudisha huenda ikakaribia bei yake. Anayeagiza kwa nambari sahihi hupata anachokitaka. Anayeagiza kwa kutazama picha hucheza pata potea.

Makala haya yanaeleza daraja hufanya kazi gani, lini linafaa kubadilishwa, vipimo gani vichukuliwe kabla ya kuagiza, na jinsi ya kulifunga na kulitunza.

Kazi ya daraja

Uzi wa gitaa hulia katika urefu ulio kati ya sehemu mbili. Upande wa kichwa, uzi hupita katika kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, ambacho katika makala haya tutakiita kizingiti. Upande wa pili ndipo lilipo daraja. Juu ya daraja huwa kuna vipande vidogo sita, kimoja kwa kila uzi, ambavyo mafundi huviita sadeli. Sadeli husogezwa mbele na nyuma kwa skrubu ili kila uzi upate urefu unaoufaa.

Daraja basi lina kazi tatu. Hupitisha mtetemo wa nyuzi hadi kwenye mwili wa gitaa, hupanga kimo cha nyuzi juu ya ubao wa vidole, na huamua kama sauti itakuwa sahihi mpigaji anapopanda shingo kwenda kwenye freti za juu. Kazi ya nne huongezeka gitaa likiwa na wenzo: daraja lazima liruhusu nyuzi zisogee na kurudi bila kukwama.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Seti ya kawaida ya nyuzi nyembamba huvuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 45 kwa jumla. Mpigaji anapobonyeza wenzo, nguvu hiyo hupungua na nyuzi huteleza kidogo juu ya sadeli. Anapoachilia, nyuzi huvutwa kurudi. Ikiwa sadeli ina mkwaruzo au mfereji uliochongwa vibaya, uzi husimama njiani. Mvuto wa upande mmoja wa sadeli huwa tofauti na wa upande wa pili, na sauti hupotea kwa kiasi ambacho sikio hulitambua papo hapo.

Asili ya wenzo

Majaribio ya kutikisa nyuzi kwa wenzo yalifanywa Marekani kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Doc Kauffman alibuni chombo cha namna hiyo, lakini sifa yake moja iliyojulikana ni kulikosesha gitaa ulinganifu. Fundi Paul Bigsby wa California alilitatua tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mpigaji Merle Travis kumletea kifaa kilichokuwa kikimsumbua. Chombo cha Bigsby kina mhimili wa duara ambao nyuzi hufungwa humo, na springi moja fupi chini ya wenzo. Kingali kinatengenezwa hadi leo.

Mnamo 1954, mambo mawili makubwa yalitokea katika ufundi wa gitaa. Kampuni ya Fender ilitoa Stratocaster, gitaa ambalo daraja na kishikilia-nyuzi chake ni kitu kimoja kinachobembea pamoja. Mwaka huo huo, kampuni ya Gibson, ikiongozwa na Ted McCarty, ilitoa daraja lenye sadeli sita zinazosogezwa moja moja kwa skrubu, linalojulikana kwa jina la Tune-o-matic. Daraja hilo limeigwa na watengenezaji wengi duniani, na ndilo linalokutwa mara kwa mara kwenye magitaa yenye chombo cha Bigsby. Ajabu ni kwamba McCarty huyo huyo baadaye aliinunua kampuni ya Bigsby alipoondoka Gibson katika miaka ya 1960.

Fender iliendelea na Jazzmaster mwaka 1958 na Jaguar mwaka 1962, magitaa ambayo mkia wake umetengwa na daraja, na daraja lenyewe huinama kidogo kufuata nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Floyd Rose akabuni mfumo unaozibana nyuzi kwa skrubu pande zote mbili, kichwani na darajani, ili zisipate nafasi ya kuteleza kabisa.

Jambo moja linalowachanganya wanunuzi ni majina. Leo Fender aliuita wenzo wake "tremolo", neno ambalo katika elimu ya muziki lina maana ya kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti. Kupanda na kushuka kwa kidatu, ambako ndiko wenzo unakofanya, huitwa vibrato. Makosa hayo yamezoeleka hivi kwamba maduka hutumia maneno yote mawili kwa kipuri kimoja. Anayetafuta daraja hana budi kutafuta kwa majina yote.

Je, mpigaji wa benga anauhitaji wenzo?

Swali hili linafaa kuulizwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Benga, muziki uliokua kando ya Ziwa Victoria na kuenezwa na wanamuziki kama vile George Ramogi, Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, na Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, hutegemea kasi na usafi wa vidole. Gitaa la solo hujibizana na mwimbaji, kisha huachiwa uwanja litambe peke yake kwa noti nyingi za juu zinazofuatana upesi. Katika mtindo huo wenzo hauna kazi kubwa.

Wataalamu wa muziki wa eneo hili hulihusisha pigo hilo la gitaa na nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane ambacho Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019 huko Nyahera, si mbali na Kisian, alikipeleka katika majukwaa ya kimataifa. Nyatiti nayo ina daraja lake, linalokaa juu ya ngozi, na mlio wake wenye mkwaruzo ni sehemu ya utamu wake. Kwenye gitaa la umeme mambo ni kinyume, kwani kikuza sauti hukuza kila kero. Sadeli inayocheza husikika hadi nyuma ya umati.

Hata hivyo magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa Afrika Mashariki ni nakala za Stratocaster, na huja na wenzo, mnunuzi autake asiutake. Huo nao huleta taabu hata kama haujaguswa. Daraja linaloelea kwa springi huwekwa mahali pake na mizani baina ya nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mizani hiyo huvunjika na nyuzi tano zilizobaki hupanda kidatu kwa pamoja. Kwa bendi iliyokodiwa kutumbuiza usiku kucha, hiyo ni aibu mbele ya aliyelipa, na pengine ni mwaliko ujao uliopotea.

Mpigaji asiyeutumia wenzo ana tiba rahisi kuliko daraja jipya. Seremala yeyote anaweza kumchongea kipande cha mti mgumu kinachoingia barabara kati ya gogo la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa tundu lililo nyuma ya gitaa, kisha springi zikakazwa. Daraja husimama imara, uzi ukikatika zilizobaki hazitikisiki, na kipande hicho kinaweza kuondolewa siku yoyote bila kuacha alama. Wapigaji wa rumba, wa nyimbo za injili na wa miziki ya kigeni wanaoupenda wenzo ndio wanaopaswa kuendelea kusoma kwa makini zaidi.

Mtihani wa bure

Kabla ya kuhukumu daraja, litafute kosa lilipo. Funga nyuzi mpya, zivute kwa mkono mara kadhaa ili zikae, kisha linganisha gitaa kwa tyuna. Bonyeza wenzo hadi chini mara moja, uachilie polepole, halafu pima tena kila uzi.

Uzi ukirudi ukiwa chini ya kidatu chake, mara nyingi umekwama kwenye sadeli: mkia umevuta lakini mvuto haukufika wote upande wa shingo. Uzi ukirudi ukiwa juu ya kidatu, mara nyingi umekwama kwenye kizingiti: ulisogea kuelekea kichwani na haukurudi. Ishara nyingine ya kizingiti kibovu ni mlio mkali mfupi unaosikika wakati wa kukaza uzi, kisha sauti ikaruka ghafla badala ya kupanda taratibu.

Kosa likiwa kwenye kizingiti, hakuna daraja litakalolitibu. Sugua ncha ya penseli laini ndani ya mifereji ili unga wake mweusi ulainishe njia ya uzi. Ikiwa mfereji ni mwembamba kuliko uzi, fundi aupanue kwa uangalifu bila kuuongezea kina, maana uzi ukizama utagonga freti ya kwanza.

Kagua pia idadi ya mizunguko ya uzi kwenye vigingi vya kukazia. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwa nyuzi nyembamba. Ikizidi, kila mzunguko huwa mahali pengine pa kulegea wenzo unapobonyezwa.

Baada ya hayo ndipo daraja likaguliwe. Dalili zake ni nyuzi zinazorudi chini, sadeli zinazocheza zikiguswa kwa ncha ya kisu, skrubu zilizoliwa na kutu, nguzo zilizoinama kuelekea shingoni kwa kuvutwa na nyuzi, na daraja lililobonyea katikati. Dalili hii ya mwisho hupatikana sana kwenye madaraja ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki.

Vipimo vya kuchukua

Kwa gitaa ambalo daraja lake limetengwa na mkia wa wenzo, kama yale ya Bigsby na nakala zake, vipimo vitano ni vya lazima. Vichukuliwe kwa milimita, nyuzi zikiwa zimefungwa, na viandikwe kwenye karatasi.

Kwanza ni umbali kati ya nguzo mbili, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Kukisia katikati kwa macho huleta makosa. Njia ya uhakika ni kupima kutoka ukingo wa kushoto wa nguzo ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa nguzo ya pili. Nguzo zikiwa na unene sawa, jibu ni lile lile. Magitaa mengi ya kisasa yana milimita 74 hivi.

Pili ni unene wa nguzo na hesi yake. Daraja la mtindo wa zamani wa Gibson hukaa juu ya skrubu nyembamba zilizoingia moja kwa moja kwenye mti. Magitaa mengi ya Asia yana nguzo nene za milimita 8 hivi zinazoingia kwenye vikombe vya chuma vilivyogongwa mwilini. Hesi za Marekani hupimwa kwa inchi na za Asia kwa milimita. Zaweza kufanana machoni, lakini ukilazimisha moja kuingia kwa nyingine utazila zote. Kwa hiyo, isipokuwa nguzo zimeharibika, ni afadhali kutafuta daraja linalokaa juu ya nguzo zilizopo.

Tatu ni umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya daraja, ambao kwa aina hii ni kati ya milimita 50 na 52. Usipolingana na shingo, uzi wa kwanza utakuwa ukichomoka ukingoni mwa freti.

Nne ni mviringo wa ubao wa vidole. Ubao huo haukunyooka. Una tao, na sadeli lazima zifuate tao hilo. Magitaa ya Gibson hufuata duara la nusu-kipenyo cha inchi 12, yaani milimita 305. Fender za zamani hufuata inchi 7.25, sawa na milimita 184, na za baadaye inchi 9.5, sawa na milimita 241. Kupima, chora matao hayo kwenye kadi ngumu ukitumia kamba na penseli, yakate, kisha uyaweke moja moja juu ya freti kati ya nyuzi. Linalokaa bila kuacha mwanya ndilo lako.

Tano ni kimo. Pima kutoka uso wa gitaa hadi chini ya uzi mahali palipo daraja. Madaraja mengine yenye rola ni marefu kuliko ya kawaida, na yakiteremshwa hadi mwisho bado nyuzi hubaki juu mno.

Mwenye gitaa la aina ya Stratocaster achukue vipimo vingine. Ahesabu kama daraja limeshikwa kwa skrubu sita au nguzo mbili, kisha apime umbali kati ya skrubu ya kwanza na ya mwisho, ambao kwa mtindo wa zamani ni milimita 56 hivi, na kwa mitindo mingine milimita 52 hivi. Muhimu kuliko yote ni kina cha mwili. Magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba, na gogo kamili la chuma la daraja jipya huenda likachomoza mgongoni.

Daraja la aina gani?

Kwa gitaa lenye Bigsby, chaguo ni tatu. La kwanza ni daraja lenye rola, ambamo kila uzi hukaa juu ya gurudumu dogo linalozunguka uzi unaposogea. Linapunguza msuguano vizuri, lakini lina vipande vingi vinavyotembea. Rola za bei ya chini hucheza na kulia, na vumbi likiingia hukwama na kuwa mbaya kuliko sadeli za kawaida.

La pili ni daraja linaloinama zima pamoja na nyuzi, mfano wa lile la Jazzmaster. Hapa nyuzi hazitelezi juu ya sadeli kwa kiasi kikubwa. Daraja lenyewe huenda na kurudi. Kasoro inayojulikana ya daraja la asili la Jazzmaster ni sadeli zenye mifereji midogo mingi, ambazo uzi huruka kutoka mmoja hadi mwingine ukipigwa kwa nguvu. Sadeli zenye mfereji mmoja wa kina, kama zilizotumiwa kwenye Mustang ya mwaka 1964, huondoa tatizo hilo.

La tatu, lililo nafuu kuliko yote, ni kuacha daraja lililopo na kubadilisha sadeli peke yake, au hata kuzisugua zilizopo. Zipo sadeli zilizochanganywa na kilainishi ndani yake, zinazotengenezwa na Graph Tech ya Canada miongoni mwa kampuni nyingine. Fundi stadi anaweza pia kusafisha mifereji ya sadeli za kawaida kwa msasa laini uliokunjwa juu ya uzi mzee, hadi isiwe na ukingo wowote mkali. Mfereji usizidi nusu ya unene wa uzi.

Tahadhari ni kuhusu lile daraja la alumini lililotupwa kipande kimoja, lenye ngazi zilizopangwa tayari kwa kila uzi. Linapendeza na halina kinachocheza, ila ngazi zake za asili zilipangwa wakati uzi wa tatu ulikuwa mnene na wa kuzungushiwa. Wapigaji wengi wa leo hutumia uzi wa tatu mwembamba usiozungushiwa, na kwao uzi huo hautapata sauti sahihi kwenye freti za juu.

Jambo jingine ni pembe ya uzi unapotoka darajani kuelekea mkiani. Ikiwa ndogo mno, uzi hukosa kushikwa na hulia ovyo. Ikiwa kali mno, uzi huganda na haurudi. Baadhi ya Bigsby zina mhimili wa pili unaozibana nyuzi chini na kuifanya pembe hiyo kuwa kali. Kwenye hizo ndiko rola huonyesha faida yake kubwa.

Kulifunga

Ikiwa gitaa lina tumbo wazi na daraja lake limekaa tu juu ya mbao bila kufungwa, bandika utepe kuonyesha lilipo kabla ya kulegeza uzi wowote. Likisogea bila alama, mahali pake hupatikana tena kwa kupima upya.

Legeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu. Kwenye Bigsby, kila uzi umeshikwa kwa kipini kidogo kwenye mhimili, na huchomoka kwa urahisi ukilegea. Kukunja ncha ya uzi mapema kabla ya kuufunga hurahisisha kazi. Toa daraja la zamani, safisha nguzo, weka jipya skrubu za sadeli zikielekea upande uliopendekezwa na mtengenezaji, kisha rudisha nyuzi.

Daraja likikataa kuingia, usiligonge wala usipanue matundu ya gitaa kwa keekee. Kipuri chaweza kurudishwa au kuuzwa, lakini tundu lililopanuliwa haliwezi. Ni heri kumpelekea fundi chuma wa jua kali daraja lenyewe ili apanue tundu la chuma kwa sehemu ya milimita, kuliko kuugusa mti. Nguzo zilizoharibika nazo zaweza kukerezwa upya kwa kufuata mfano wa za zamani. Tunza daraja la asili na skrubu zake katika mfuko. Siku ya kuliuza gitaa vitaongeza thamani.

Kuweka sauti sawa

Anza na kimo, ukipandisha au kushusha nguzo hadi nyuzi zisigonge freti wala zisichoshe vidole. Kisha fuata urefu wa kila uzi.

Freti ya 12 iko nusu ya safari kati ya kizingiti na daraja. Kwenye gitaa la kipimo cha Gibson cha milimita 628 hivi, iko milimita 314 kutoka kizingitini. Gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha freti hiyo, uupige, na usikilize sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha ubonyeze uzi kwenye freti hiyo hiyo na uupige tena. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, rudisha sadeli nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, isogeze mbele kuelekea shingoni. Linganisha uzi upya kila baada ya kusogeza. Ukimaliza utaona sadeli zimepangika kama ngazi, zile za nyuzi nene zikiwa nyuma zaidi.

Anayetumia kepo, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa benga, arudie kipimo hicho kepo ikiwa imefungwa mahali anapoizoea, kwa sababu kepo iliyokazwa mno huinua kidatu, na daraja halina lawama kwa hilo.

Utunzaji kando ya ziwa

Hewa ya ufuo wa Ziwa Victoria ina joto na unyevunyevu, na jasho la mpigaji lina chumvi. Mambo hayo matatu ni adui wa kromu na skrubu nyembamba. Futa daraja kwa kitambaa kikavu kila baada ya onyesho. Mara moja kwa miezi michache, toa vumbi kwa mswaki laini na utie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila rola kwa ncha ya sindano, kisha ufute yaliyozidi, kwa maana mafuta mengi hukusanya vumbi.

Safari nayo ina gharama yake. Skrubu za kimo hulegea kwa mtikisiko wa gari. Gitaa lililoachwa ndani ya gari juani hushuka kidatu kwa sababu chuma cha nyuzi hurefuka kwa joto. Litolewe mapema, lipoe kivulini, ndipo lilinganishwe.

Bendi yenye magitaa mawili na kikuza sauti kimoja haiwezi kumudu jaribio la kubahatisha. Lakini rula, kadi ngumu, penseli na tyuna vinaweza kupatikana hata kabla ya bei ya daraja kupatikana. Aliyefanya mtihani huenda akagundua kwamba alichohitaji ni unga wa penseli, au kipande cha mti kutoka kwa seremala. Na ikiwa ni daraja kweli anahitaji, ataliagiza akiwa na nambari mkononi, na litakapofika Kisian litaingia mahali pake.